Tamko la vikundi vya akiba na wapangaji wa Bonde la Msimbazi kuhusu maandalizi ya kaya kabla ya masika



Sisi, wanachama wa vikundi vya kuweka na kukopa pamoja na wapangaji wenzetu wa Kigogo, Mchikichini, Hananasif, Vingunguti na Tabata, tunatoa tamko hili mapema, mvua za masika zikiwa bado hazijaanza. Tunaongea kwanza na majirani zetu. Kisha tunaongea na wenye nyumba, wenyeviti na watendaji wa mitaa, halmashauri zetu, mamlaka ya maji, na kila anayewashauri wananchi wajiandae na maafa.

Msimamo wetu ni kwamba kaya inayoishi chumba kimoja ina uwezo wa kujiandaa, na tayari inafanya mengi ambayo hayahesabiwi. Ila ipo sehemu ya maandalizi ambayo mtu anayenunua unga nusu kilo kwa siku hawezi kuilipia hata akijinyima vipi. Sehemu hiyo ina wenyewe, na humu tunawataja kwa nafasi zao.

Bonde letu linajulikana. Mto Msimbazi unashuka kutoka vilima vya Pugu, unakatiza jiji na kumwaga maji yake baharini pale Daraja la Salender. Mvua za tarehe 20 hadi 22 Desemba 2011, kubwa kuliko zilizowahi kupimwa jijini tangu 1954, ziliua watu zaidi ya 40, na kaya nyingi za mabondeni zikahamishiwa eneo la Mabwepande. Tangu hapo Barabara ya Morogoro imefungwa pale Jangwani mara nyingi kiasi kwamba watu wa mjini hawashangai tena. Tarehe 25 Aprili 2024 Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, aliliambia Bunge kuwa mvua za msimu ule wa El Niño zilikuwa zimeua watu 155 nchini na kuathiri kaya zaidi ya 51,000. Siku chache baadaye Kimbunga Hidaya kikaipiga Mafia na pwani ya kusini. Masika hiyohiyo wenzetu wa Mathare, Nairobi, waliokolewa juu ya mapaa. Hakuna mtu bondeni anayehitaji kuambiwa kwamba maji yatarudi.

Ushauri tunaopewa kila mwaka ni kuweka ndani chakula na maji ya siku tatu, tochi, redio, dawa na fedha taslimu. Nje ya nchi ni hivyohivyo. Machi 2025 Umoja wa Ulaya uliwataka wananchi wake wajiwekee mahitaji ya saa 72. Ushauri huu hatuupingi. Tumeukalia kitako na kuupigia hesabu kwa vyumba tunavyoishi.

Chukua kaya ya watu 5. Kiwango cha chini kinachofuatwa na mashirika ya misaada wakati wa maafa ni lita 15 kwa mtu kwa siku, za kunywa, kupikia na kujisafi. Kwa siku 3 ni lita 225, yaani madumu 11 ya lita 20 na robo ya dumu juu yake. Chumba cha futi 10 kwa 10 chenye kitanda, kabati la vyombo, jiko, ndoo za maji ya leo na godoro la watoto linaloviringishwa kila asubuhi hakina pa kuyaweka madumu hayo. Kwa hiyo tumeanza na maji ya kunywa peke yake: lita 3 kwa mtu kwa siku, lita 45 kwa kaya, madumu mawili na chupa chache. Hilo linawezekana. Ili yasipungue, tunawataka wanachama wote wawe na madumu matatu yenye vifuniko, yasiyoguswa kwa kufulia wala kuoshea vyombo, maji yake yabadilishwe kila wiki, na yakae juu ya meza au stuli. Dumu lililoko sakafuni ndilo la kwanza kuzungukwa na maji machafu, na maji ya Msimbazi yakiingia ndani yanakuwa yamekwishapita vyooni.

Tukifika hapo, hatuna budi kusema jambo linalotuhusu sisi wenyewe. Kutapisha vyoo mvua ikinyesha kunaua. Anayefungua shimo lake usiku ili mafuriko yachukue uchafu anaupeleka kwenye chumba cha mtoto wa jirani, na kipindupindu hakiulizi kimetoka choo cha nani. Tunafahamu kuwa gari la kunyonya maji taka lina gharama na kwamba vichochoro vingine halipiti. Bado tunakataza utapishaji huo, na tutaeleza hapa chini tunataka nani asaidie gharama hiyo. Kila kaya pia ijue kutengeneza maji ya chumvi na sukari kwa mgonjwa wa kuharisha wakati safari ya zahanati inaandaliwa: lita moja ya maji safi yaliyochemshwa na kupoa, vijiko 6 vya chai vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Chumvi isizidi. Mgonjwa anywe kidogokidogo, hata akitapika, na safari ya zahanati isiahirishwe kwa sababu amepata nafuu kidogo.

Kuhusu chakula, watu wanaotuona kwa mbali hudhani kwamba tumekosa tabia ya kuweka akiba. Waje wasimame dakika chache kwenye duka la mtaani jioni. Watamwona mama akitaja vitu vyake: unga nusu, mafuta ya kupima, sukari robo, mkaa kopo mbili, kiberiti kimoja. Anayenunua gunia zima la mkaa hulipa mara moja na kwa bei nafuu. Anayelimaliza gunia hilohilo kwa makopo amelipa zaidi, na hajabaki na gunia. Ndivyo ilivyo kwa mchele, kwa mafuta, na kwa maji yanayonunuliwa dumu moja moja. Kipato kinachoingia kwa siku kinatumika kwa siku. Mama huyu anajua bei za wiki nzima kwa kichwa, anajua duka gani linamkopesha na siku gani, na mchana ule ule amempikia mtoto wa jirani aliyelazwa hospitali ya Amana. Hakuna ofisi inayomwandika kuwa amejiandaa. Sisi tunamwandika.

Tumekubaliana tusimwambie ajaze stoo. Kuanzia sasa hadi mvua zitakapokolea, kila kaya iongeze kitu kimoja tu kwa wiki kwenye ndoo moja yenye mfuniko wa kubana, kitu kisichohitaji moto, kwa sababu jiko la mkaa haliwaki ndani ya maji. Karanga za kukaanga zinafaa sana. Tende zinafaa, na biskuti, na sukari na chumvi kwa ajili ya kuharisha. Kwenye ndoo hiyohiyo ziingie nakala za vyeti vya kuzaliwa, kitambulisho cha NIDA, kadi ya kliniki ya mtoto, mkataba au risiti ya kodi, na namba za simu za ndugu zilizoandikwa kwa kalamu kwenye karatasi, maana simu ikizima hakuna anayekumbuka namba. Ndoo ya lita 10 inatosha, na ni nyepesi kwa mtu aliyebeba mtoto mgongoni.

Dawa ni shida nyingine, na ni kubwa kuliko chakula. Wapo wenzetu wa presha na sukari wanaonunua vidonge vya siku chache kwa sababu pakiti nzima haiwezekani. Wapo wanaotumia dawa za kupunguza makali ya VVU, ambao hawataki jirani ajue zilipo. Tunaviomba vituo vya afya vya kata zetu viwape wagonjwa hawa dawa za muda mrefu zaidi kabla ya masika pale utaratibu unaporuhusu, na tunawaomba majirani wasiulize ndani ya ndoo ya mwenzao mna nini.

Vyumba vyenyewe watu wameshavifanyia kazi kubwa. Tembea Kigogo uone vizingiti vya saruji vilivyojengwa mlangoni hadi kufika magotini, viroba vya mchanga vilivyopangwa nyuma ya nyumba, vitanda vilivyoinuliwa kwa matofali manne manne, matundu yaliyotobolewa chini ya ukuta wa nyuma ili maji yakiingia yapate pa kutokea. Mengi ya hayo yamegharimiwa na mpangaji kwenye nyumba isiyo yake, na akihama anayaacha. Tunataka wenye nyumba wayatambue na kuyakata kwenye kodi. Tunataka pia swichi kuu ya umeme ya kila nyumba ifikiwe na wapangaji wote. Katika nyumba nyingi ipo ndani ya chumba cha mwenye nyumba, mlango umefungwa, mwenyewe yuko kazini, na maji yanapanda kuelekea kwenye soketi. Hili halihitaji fedha. Linahitaji ufunguo wa akiba kwa mpangaji mmoja anayeaminika.

Sasa tuseme la kodi, ambalo kwetu ndilo zito kuliko yote.

Mpangaji wa Dar es Salaam hudaiwa kodi ya miezi 6, na mara nyingi mwaka mzima, kabla hajaingiza godoro. Fedha hiyo ameikopa, ameuza kitu, au amegawana hisa za kikundi. Masika inapofika amebakiwa na miezi minne iliyokwishalipwa. Tahadhari inatolewa, maji yanapanda, anaambiwa ahame. Ahamie wapi, na kwa kodi ipi ya miezi 6 mingine? Watu wengi wanaolaumiwa kwa ubishi wa kukaa bondeni wamefungwa na kodi waliyoilipa. Baada ya wenye nyumba wengi wa bonde la chini kulipwa fidia na kuondoka kupisha mradi wa kuendeleza Bonde la Msimbazi unaogharimiwa kwa sehemu kubwa na mkopo wa Benki ya Dunia, wapo wapangaji waliotafuta chumba wanachokimudu wakakipata mtaa wa pili, bondeni vilevile.

Kwa hiyo tunawataka wenye nyumba wa mitaa inayofurika wapokee kodi ya mwezi mmoja mmoja kuanzia Machi hadi Mei, na warudishe kodi ya miezi iliyobaki chumba kinapokuwa hakikaliki. Tunajua wenye nyumba wengine ni wajane na wastaafu wanaoishi kwa vyumba hivyo viwili vitatu, na nyumba zao zinazama pamoja na zetu. Ndiyo maana tunaziomba serikali za mitaa zisimamie makubaliano haya kwa maandishi, mhuri ukiwepo, badala ya kuwaacha watu wawili wenye shida wagombane uani. Na orodha za waathirika zikiandikwa, wapangaji waandikwe kwa majina yao na idadi ya watu wao. Nyumba moja ya vyumba 8 ikiingia kwenye orodha kwa jina la mwenyewe tu, kaya saba au nane zinakosa unga na magodoro.

Tunageukia vikundi vyetu. Akiba ya mtu wa kipato chetu ipo kwa watu: kwenye sanduku la kikundi lenye kufuli tatu na funguo tatu kwa wanachama watatu tofauti, kwenye mchezo wa kupeana fedha kila Jumamosi, kwenye mfuko wa jamii unaotusitiri kwenye msiba na ugonjwa. Hapo ndipo maandalizi yanapaswa kuanzia, na hapo ndipo tumeona kasoro inayotugharimu sana. Vikundi vingi huvunja mzunguko na kugawana hisa mwezi Desemba, kwa ajili ya sikukuu na ada za Januari. Mzunguko mpya unaanza Januari au Februari. Maana yake, Machi na Aprili, maji yanapoingia ndani, sanduku liko tupu kuliko wakati wowote wa mwaka, na fedha chache zilizomo zimekwishakopeshwa. Mwanachama anaishia kwa wakopeshaji wa riba kubwa, wale wa kausha damu. Anaacha kadi ya benki au friji, na Julai bado analipa riba ya godoro lililooza Aprili.

Tumeamua, na tunavishauri vikundi vingine vyote vya mabondeni vifanye hivyo, kwamba Desemba tukigawana hisa, mfuko wa jamii hautagawanywa. Utavuka mwaka ndani ya sanduku. Kuanzia Machi mosi hadi Mei 31 nusu yake haitakopeshwa kwa biashara yoyote. Itatoka kwa mafuriko, ugonjwa na msiba tu, bila riba, na kwa kauli ya wanachama watatu bila kusubiri mkutano. Mwanachama ambaye hakuweza kuchangia mfuko kwa wiki kadhaa kwa sababu ya ugonjwa au kukosa kazi asinyimwe. Wapo waliopinga hili kwenye vikao vyetu, kwa hoja kwamba litawavunja moyo wanaochangia kila wiki. Tuliwasikiliza, na tukabaki na uamuzi, kwa kuwa anayeshindwa kuchangia Februari ndiye ambaye Aprili hatakuwa na pa kushika.

Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024, na vikundi vyetu vingine vimenufaika nayo. Tunaomba kikundi ambacho wanachama wake wamepatwa na mafuriko kisogezewe marejesho kwa miezi mitatu. Cherehani iliyozama haishoni, na mtaji wa genge ukisombwa na maji hakuna cha kurejesha.

Kuhusu tahadhari, Mamlaka ya Hali ya Hewa inafanya kazi yake, na utabiri wa masika hutolewa mapema. Tatizo ni hatua za mwisho kutoka kwenye taarifa hadi kwenye kichochoro. Wazee wetu wana simu za kitochi zisizopokea picha wala ujumbe wa makundi ya mtandaoni. Wanaouza vyakula barabarani huamka saa kumi alfajiri na kurudi usiku, hawaoni taarifa ya habari. Viziwi hawasikii kipaza sauti. Tunawaomba maimamu na wachungaji watangaze tahadhari kwenye vipaza sauti na ibadani siku ileile inapotolewa, na kila uchochoro utakuwa na watu wetu wawili watakaogonga milango. Watakuwa na daftari lenye majina ya wasioweza kutoka wenyewe: mzee asiyeona, mama aliyejifungua juzi, kijana wa kiti cha magurudumu, watoto wanaofungiwa ndani mama akiwa kazini usiku. Daftari hilo halitapigwa picha wala kusambazwa. Tumewakumbusha pia wote kuwa namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114 na ya polisi ni 112, na kwamba mtoto wa miaka saba anaweza kufundishwa kuzipiga.

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati za maafa kuanzia taifa hadi ngazi za chini. Tunaomba kamati za mitaa yetu zikae kabla ya mvua, zikae hadharani, na ziwe na mpangaji na mwanachama wa kikundi cha akiba ndani yake. Shule zitakazopokea waliohamishwa zitajwe mapema, pamoja na anayeshika funguo zake. Wanawake watengewe vyumba na vyoo vyao, kwa sababu wapo wanaokataa kuhama kwa kuogopa usiku wa kulala ukumbini na watu wasiowajua.

Mitaro izibuliwe Februari. Mtaro unaozibuliwa Aprili umezibuliwa na mafuriko. Sisi tutatoa nguvu kazi kila Jumamosi, na tutawakemea wenzetu wanaotupa taka mtoni, kama tunavyowakemea wanaotapisha vyoo. Halmashauri ilete gari la kuzoa tope siku ileile, maana tope likiachwa ukingoni mvua ya kwanza inalirudisha. Ilete pia ruzuku ya kunyonya vyoo kwa nyumba za bondeni, mara moja kabla ya msimu. Na mamlaka ya maji iweke vioski vya muda sehemu za juu ambako watu hukimbilia. Oktoba 2022, Mto Ruvu ulipopungua na mgao wa maji ukatangazwa jijini, tuliona dumu linavyoweza kupanda bei kwa siku moja. Wakati wa mafuriko hali ni hiyohiyo, na anayelipa zaidi ni yule asiye na tangi.

Wenye uwezo wanaoishi juu ya bonde, wenye kuta, visima na matangi, tunawaomba jambo moja. Maji ya paa na uwanja wa sakafu ngumu yanashuka kwetu. Jengeni shimo la kuyapokea ndani ya kiwanja chenu, na msielekeze bomba barabarani. Ndani ya kuta zenu wanafanya kazi dada wa nyumbani, walinzi na madereva wanaoishi huku chini. Mvua kubwa ikitangazwa, waruhusuni warudi mapema kwa watoto wao, na siku hiyo msiikate kwenye mshahara.

Madaftari ya vichochoro yataanza kuandikwa Jumamosi ya kwanza ya Februari kwenye mikutano ya kawaida ya vikundi. Mtu asiye mwanachama anakaribishwa kuandikisha kaya yake bila kiingilio. Barua za maombi yetu zitapelekwa kwa mkono ofisi za mitaa na kata wiki hiyohiyo, na majibu tutakayopewa, pamoja na majina ya ofisi zisizojibu, yatasomwa kwenye mikutano ya mwisho wa mwezi.

Limetolewa Dar es Salaam na wanachama wa vikundi vya akiba na wapangaji wa Bonde la Msimbazi.